Koa wa Matumbawe: Kutoka Miamba ya Pwani hadi Matangi ya Kioo

Miongoni mwa viumbe wa miamba ya Bahari ya Hindi yumo koa mdogo ambaye chakula chake ni tumbawe lenyewe, na ambaye kwa karne nyingi aliishi bila kutajwa na yeyote, mpaka wataalamu wa karne ya 19 walipoipa jenasi yake jina la Kilatini na wafugaji wa matumbawe wa karne ya 21 walipomtangaza kuwa adui wao mkubwa. Koa ni ndugu wa konokono aliyepoteza gamba lake. Yule wa nchi kavu anafahamika kwa kila mkulima wa mboga aliyekuta majani yametobolewa alfajiri, ilhali wa baharini hajulikani sana hata kwa watu waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni. Historia yake inastahili kuelezwa kwa sababu inaonyesha wazi jinsi mnyama asiye na madhara makubwa katika makao yake anavyogeuka mharibifu pale kile anachokila kinapokatwa vipande, kufungwa na kusafirishwa mbali na maadui zake. Jambo hilo, ingawa ni la bahari, lina mfano wake wa karibu katika mashamba ya Korogwe na Handeni, na ni vigumu kulielewa la kwanza vizuri bila kuliweka kando ya hili la pili.

Kwamndolwa, kata iliyo katika mji wa Korogwe, ambayo jina lake huanza na ile "Kwa" inayofungua majina mengi ya vijiji vya Uzigua na Usambaa, haina ufuko wala wavuvi wa bahari. Kutoka Korogwe hadi Tanga ni takriban kilomita 100 kwa barabara. Hata hivyo, maji ya eneo hilo hayaishii bara, kwa kuwa mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, hushuka kutoka miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, huporomoka kwenye maporomoko ya Hale na kuingia baharini katika mji wa Pangani, ukiwa umebeba udongo uliomomonyoka mashambani njiani kote. Tumbawe huhitaji maji safi yanayopitisha mwanga, hivyo udongo unaotoka katika shamba la mteremkoni ni sehemu ya habari za mwamba ulio mbele ya mlango wa mto, na mkulima wa bara, ajue asijue, ni jirani wa mwamba huo.

Tumbawe si jiwe, ingawa watu wa pwani wamelijua zaidi kama jiwe. Ni koloni la vinyama vidogo laini, kila kimoja kikiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri, yaani mikono myembamba ya kukamatia chakula, na vyote pamoja hujenga chini yao kiunzi kigumu cha chokaa ambacho hubaki hata baada ya vyenyewe kufa. Ndani ya nyama ya vinyama hivyo huishi mwani wadogo wa seli moja, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa ya riziki. Nyama yenyewe ni utando mwembamba uliotandazwa juu ya chokaa, na utando huo ndio anaoutafuta koa.

Kabla ya koa kuandikwa katika kitabu chochote, watu wa pwani walikuwa tayari wamelikata tumbawe kwa kazi zao. Jenasi iitwayo Porites, ambayo hukua kuwa vichuguu vikubwa vya mviringo, ndiyo iliyopendwa na mafundi wa kuchonga, kwa sababu inapotolewa baharini ikiwa hai huwa laini kiasi cha kukatwa kwa tezo, kisha hukauka na kuwa ngumu ikishika kila mstari uliochorwa. Kwa tumbawe la namna hiyo vilijengwa vibla na miimo ya milango ya misikiti ya kale katika upwa mzima wa Waswahili, na maandishi ya Kikufi yaliyo katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka wa 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, yanathibitisha kwamba ufundi huo ulikuwa umekwisha kukomaa mwanzoni mwa karne ya 12. Kusini kidogo mwa mji wa Tanga, magofu ya Tongoni yenye msikiti na makaburi takriban 40 yanaonyesha kazi hiyohiyo iliyofanywa karne chache baadaye. Tumbawe lisilofaa kuchongwa lilipangwa katika tanuri la magogo na kuchomwa liwe chokaa ya kuungia mawe na kupaka kuta. Ni jambo la kuvutia kwamba Porites, iliyochaguliwa na fundi kwa ulaini wake, ndiyo pia chakula cha baadhi ya koa wanaohusika na makala haya, na kwamba fundi aliyeinua kichuguu hai kutoka majini huenda alimwinua koa pamoja nacho pasipo kumwona.

Kutomwona si uzembe. Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa ya majina ya viumbe wa pwani, lakini hazina hiyo ilikusanywa na watu waliokwenda mwambani wakati wa maji kupwa kutafuta kitoweo na bidhaa, nao walimpa jina yule aliyeliwa, aliyeuzwa au aliyedhuru. Pweza, chaza, jongoo-bahari na kauri wana majina yao yasiyo na utata. Kauri hata iliingia katika biashara ya dunia: tangu miaka ya 1840 makampuni ya Hamburg, hasa lile la O'Swald, yalinunua shehena za kauri za Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Koa hakuwa na gamba la kuuzwa wala nyama ya kupikwa. Kwa hiyo alibaki chini ya neno pana, konokono au koa, na neno hilo lilitosha mpaka walipokuja watu waliokuwa wakimtafuta yeye tu.

Jenasi ya koa hao, Phestilla, ilianzishwa mwaka 1874 na Rudolph Bergh, daktari wa Copenhagen ambaye nje ya hospitali alikuwa mchambuzi mashuhuri wa koa wa baharini wa dunia nzima. Koa wa Phestilla ni wa kundi lenye vijitawi vingi mgongoni, vilivyojipanga mistari kama nyasi fupi, ambavyo hutumika kupumulia na pia kubeba matawi ya mfumo wa kusagia chakula. Ndugu zao wengi katika kundi hilo hula wanyama wenye seli za kuchoma, na badala ya kudhurika huzihifadhi seli hizo katika ncha za vijitawi na kuzigeuza silaha yao wenyewe. Phestilla hawana ghala hilo la silaha. Kinga yao ni kujificha: hukaa upande wa chini wa tumbawe au kwenye sehemu iliyokwisha kufa, hutoka kula utando ulio karibu, na miili yao huchukua rangi ya kile wanachokila, kiasi kwamba Phestilla melanobrachia huwa wa manjano, wa rangi ya chungwa au mweusi kufuatana na rangi ya tumbawe alilolikalia. Jambo hili la mnyama asiye na silaha ndilo lenye ufunguo wa mambo yatakayoelezwa mbele.

Katika Afrika Mashariki, uchunguzi wa koa wa baharini ulipata mtu wake wa kwanza mkubwa kwa njia isiyotarajiwa. Mwishoni mwa mwaka 1900 serikali ya Uingereza ilimteua Sir Charles Eliot kuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na pia kuwa wakala na konseli mkuu wake huko Unguja. Eliot alikuwa mwanadiplomasia na mwanaisimu ambaye mwaka 1890 alikuwa amechapisha sarufi ya Kifini, na ambaye baadaye angeandika juzuu tatu kuhusu dini za Kihindu na Kibudha. Lakini katika elimu ya wanyama aliwapenda koa wa baharini kuliko viumbe wengine wote. Kuanzia mwaka 1902 alichapisha katika jarida la Jumuiya ya Zoolojia ya London mfululizo wa makala kuhusu koa wa Afrika Mashariki na Unguja, akieleza spishi moja baada ya nyingine kwa uangalifu wa mtu aliyekaa saa nyingi juu ya hadubini. Katika kazi hiyo alisaidiana na Cyril Crossland, kijana mtaalamu wa viumbe vya bahari aliyekusanya vielelezo katika maji ya Unguja, Pemba na pwani ya bara, na ambaye mwaka huohuo wa 1902 alichapisha uchunguzi wake wa miamba ya matumbawe ya Unguja. Eliot alimkumbuka kwa kuiita jenasi moja mpya Crosslandia. Spishi nyingine aliyoieleza mwaka 1904, Halgerda wasinensis, ilibeba jina la kisiwa cha Wasini, kilicho kaskazini kidogo tu mwa mpaka wa Tanga, na jina hilo linatumika mpaka leo popote koa huyo anapotajwa.

Haiwezekani kumtaja Eliot katika historia ya Afrika Mashariki na kuishia kwenye koa. Mtu huyuhuyu ndiye aliyesimamia kwa bidii kufunguliwa kwa nyanda za juu kwa walowezi wa Kizungu, akajiuzulu mwaka 1904 kwa ugomvi na wakubwa wake wa London juu ya ugawaji wa ardhi hizo, na kuacha nyuma sera iliyowanyima Waafrika makao kwa zaidi ya nusu karne. Kwamba jicho lililotambua tofauti ya vijitawi viwili vya koa halikutambua haki ya mfugaji wa Kimaasai katika malisho yake ni jambo linalopaswa kusemwa pamoja na sifa zake za kitaalamu.

Upande wa pili wa mpaka, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka huo wa 1902 ulikuwa na uzito wa namna nyingine. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe, na katika milima ya Usambara ya Mashariki ilianzishwa taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo ya Amani, iliyoongozwa kwanza na Franz Stuhlmann. Bwana huyo mwenyewe alikuwa mwanazoolojia aliyewasili Unguja mwaka 1888 na kukusanya wanyama wa baharini kabla ya kuvutwa na mambo ya bara. Huko Amani macho yalielekezwa kwa mazao: kahawa, kwinini, mpira, na mkonge ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imesalimika safari na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo ulizaliwa utajiri wa mashamba yaliyoenea kando ya reli, Korogwe ikiwa katikati yake. Mmea huo ulipofika ulikuwa umewaacha nyuma maadui zake wa Meksiko. Lakini mbawakavu mweusi mwenye mdomo mrefu, anayetoboa mkonge tangu asili yake, hatimaye aliufuata ukiwa umetandazwa maelfu ya hekta bila mmea mwingine kati yake.

Mfano ulio wazi zaidi, hata hivyo, ni muhogo. Muhogo haupandwi kwa mbegu. Hukatwa pingili, yaani kipande cha shina, ikasimikwa ardhini, na kila shamba jipya kwa kweli ni mwendelezo wa shina la shamba la zamani. Ugonjwa wa batobato, unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, uliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894 na mtaalamu wa mimea Otto Warburg kutokana na mihogo ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Waingereza walipoifufua Amani kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, mtafiti H. H. Storey alijikita katika magonjwa ya muhogo. Mwaka 1936 aliueleza ugonjwa wa pili, ule wa michirizi ya kahawia unaoozesha kiazi kikiwa bado ardhini huku majani yakionekana mazima, na baadaye, pamoja na mwenzake R. F. W. Nichols, akathibitisha kwamba batobato husambazwa na nzi weupe. Kituo kilichanganya muhogo na mpira wa Ceara, mmea wa jamii yake ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi katika maeneo ya chini ya Usambara, ili kupata aina zenye uvumilivu. Lakini Storey na wenzake walijua kwamba nzi hana lawama yote. Njia iliyoubeba ugonjwa mbali kuliko mabawa ya nzi ilikuwa mkono wa binadamu, uliokata pingili kutoka shina lenye ugonjwa uliojificha na kumpa jirani kwa nia njema kabisa.

Mkulima wa Kwamndolwa anayechagua pingili kutoka shina analolijua na kukataa zile za shamba asilolifahamu anatenda jambo ambalo wafugaji wa matumbawe walilazimika kujifunza upya, karne moja baadaye, kwa hasara kubwa.

Desturi ya kufuga viumbe wa bahari ndani ya kioo ilipata umaarufu Uingereza. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi, alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay, akayapeleka London na kuyaweka hai kwa kuyabadilishia maji na kuyapitishia hewa kwa kuyamimina mara kwa mara; mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akalieneza neno akwariamu kwa kitabu chake. Matumbawe ya Thynne yalikuwa ya maji baridi. Yale ya miamba ya joto, yanayotegemea mwani ndani ya nyama yao, yaliendelea kufa katika matangi kwa zaidi ya miaka 100, kwa kukosa mwanga wa kutosha na kwa kujaa uchafu wao wenyewe majini. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1961, pale Lee Chin Eng wa Jakarta alipochapisha maelezo ya tangi lake, ambalo halikuwa na mitambo mingi bali mawe yaliyotolewa mwambani yakiwa bado na viumbe vyao, maji safi ya bahari, jua na viputo vya hewa. Mawe hayo yalisafisha maji kwa bakteria waliomo ndani yake. Baadaye wafugaji wa Ulaya na Marekani waliongeza taa kali na vyombo vya kutoa uchafu kwa povu, na kufikia miaka ya 1990 tumbawe la ujenzi wa miamba liliweza kukua sebuleni, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote.

Biashara ilikua pamoja na ufundi huo. Indonesia na Fiji zikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa matumbawe hai, na kutokana na wasiwasi juu ya uvunaji huo, matumbawe yote magumu yaliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yakihitaji kibali kila yanapovuka mpaka. Kwa upande wa Afrika Mashariki, Kenya imekuwa ikisafirisha samaki hai wa mapambo kwa miongo kadhaa, na wapiga mbizi wa pwani yake wanawajua samaki hao kwa bei zao. Hata hivyo, kilichobadilisha historia ya koa ni kisu zaidi ya meli. Wafugaji waligundua kwamba tawi la tumbawe likikatwa na kugandishwa kwenye kipande cha saruji huendelea kukua kama pingili ya muhogo, na hivyo tumbawe moja zuri huweza kugawanywa kwa mamia ya watu, kupelekwa kwa posta ndani ya mfuko wa maji, kuuzwa, kubadilishwa au kutolewa zawadi. Desturi hii ina wema ndani yake, kwa sababu kila tawi lililokuzwa tangini ni tawi ambalo halikuvunjwa baharini. Lakini ndani ya kila mfuko, kwenye upande wa chini wa kipande, paliweza kuwapo utepe mdogo mweupe wa mayai.

Aliyeogopwa zaidi alikuwa koa mweupe mwenye urefu usiozidi sana sentimita moja, anayekula matumbawe ya jenasi ya Montipora, ambayo hupendwa na wafugaji kwa maumbo yake ya sahani na rangi zake kali. Dalili ya kwanza ni ukingo mweupe usio na nyama, unaosonga mbele siku baada ya siku. Anapoonekana koa mmoja usiku kwa tochi, wengine wengi huwa wamekwisha zaliana. Kulichovya tumbawe katika dawa ya iodini huangusha koa wakubwa, ilhali mayai hubaki yakiwa yamelindwa na utando wake, huanguliwa baada ya siku chache, na mateso huanza upya, kiasi kwamba mfugaji hulazimika kurudia dawa wiki baada ya wiki na kukwangua kila utepe kwa ncha ya kisu. Wengi wamepoteza makoloni waliyoyatunza kwa miaka. Huzuni yao ni ya kweli na haistahili kudharauliwa na wale wasioelewa kwa nini mtu alie kwa ajili ya tumbawe.

Uzazi wa koa hawa umechunguzwa kwa kina Hawaii, ambako tangu miaka ya 1970 Michael Hadfield na wenzake walifuatilia Phestilla wa Porites, ambaye zamani aliitwa P. sibogae na sasa huhesabiwa kuwa P. lugubris. Kutoka kwenye yai hutoka lava, yaani mtoto asiyefanana na mzazi, mwenye kigamba kidogo na vinyweleo vya kuogelea. Naye huelea majini pasipo kujigeuza mpaka anuse kemikali inayotoka kwenye tumbawe la chakula chake, ndipo huzama, hulitupa gamba na kuwa koa. Baharini, kunusa huko ni bahati nasibu ngumu, kwa kuwa mkondo huwachukua lava wengi mahali pasipo tumbawe lao. Tangini hakuna mkondo wa kuwachukua popote: ukuta wa kioo huwarudisha na harufu ya chakula imejaa majini. Utafiti mwingine wa Hawaii uliochapishwa mwaka 1997 na Deborah Gochfeld na Greta Aeby ulionyesha upande wa pili wa mizani, kwamba samaki na kaa wa mwambani ndio wanaowazuia koa hawa wasizidi, kwani koa asiye na silaha anapotolewa mafichoni na kuwekwa wazi huliwa upesi. Hivyo mambo mawili humfanya koa awe tauni, nayo yote yaliletwa na mfugaji: kioo kinachowazuia watoto wake wasipotee, na ukosefu wa wale wanaomla. Ndiyo maana dawa iliyozoeleka sasa, pamoja na karantini ya wiki kadhaa katika chombo cha pembeni, ni kumtia tangini samaki mdogo wa jamii ya pono mwenye mistari sita mwilini, ambaye kwa asili hupatikana pia katika miamba ya Afrika Mashariki na hushinda akidonoa katika mianya ya mawe.

Koa wa Tanzania hawakusubiri matangi ili wachunguzwe. Katika miaka ya 1960 Malcolm Edmunds alikusanya koa wa baharini nchini, na kuanzia mwaka 1969 akachapisha mfululizo wa makala yenye jina la Tanzania katika vichwa vyake, iliyokuwa orodha kubwa ya kwanza ya viumbe hao tangu Eliot. Alifuatiwa na William Rudman, ambaye kazi zake za miaka ya 1970 zilihusisha koa wa Afrika Mashariki na wale wa Pasifiki, na ambaye mwaka 1979 alieleza kutokana na vielelezo vya pwani ya Tanzania koa mdogo mla-Porites, akimwita poritophages, jina lenye maana hiyohiyo. Spishi hiyo, iliyowekwa kwanza katika jenasi ya Cuthona, sasa imo katika Phestilla. Katika maandiko hayo hakuna neno la tauni wala la adui. Koa anaelezwa pamoja na tumbawe lake kama wapangaji wawili wa nyumba moja.

Miamba ya Tanga yenyewe imeumizwa na mikono mingine. Uvuvi wa baruti, uliolaumiwa kwa miongo mingi, huvunja kwa mlipuko mmoja kile ambacho koa elfu wasingekimaliza kwa mwaka, na pamoja na samaki wa kitoweo huwaua wale wadogo wanaodonoa koa. Joto la El Nino la mwaka 1998 lilisababisha matumbawe kuwatoa mwani wao na kupauka katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, kilipoteza miti yake na kulika hadi kubaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mpango wa usimamizi wa pwani ya Tanga ulioanza mwaka 1994, na hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki wa kale aitwaye silakanti, vilikuwa majibu kwa madhara ya namna hiyo. Katika orodha ya madhara hayo koa hayumo, wala hastahili kuwamo.

Yule koa mweupe wa Montipora, aliyekwisha kulaaniwa na wafugaji kwa zaidi ya miaka 10, alipata jina la kisayansi mwaka 2020, pale Allison Wang na wenzake watatu walipomchapisha kwa jina la Phestilla subodiosa, ambalo kwa Kilatini lina maana ya mwenye kuudhi kiasi. Kazi hiyo ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Hong Kong. Makamu mkuu wa kwanza wa chuo hicho, aliyeshika kazi mwaka 1912, alikuwa Sir Charles Eliot. Tofauti kati ya kazi hizo mbili ni kwamba Halgerda wa Eliot alitoka katika bahari ya Wasini na kupewa jina la kisiwa hicho, ilhali vielelezo vya subodiosa, miaka 116 baadaye, vilitolewa ndani ya matangi ya kioo.